Mrithi wa Nyumba: Uhakiki wa Amasiro ya Kasubi

Msomaji wa Kiswahili amezoea kuona makaburi ya wakubwa yaliyojengwa kwa mawe. Aliyefika Kilwa, Kaole, Kunduchi au Gedi amekwisha kuona kuta za matumbawe, nguzo zilizosimamishwa juu ya makaburi ya watu wa karne zilizopita, na mahali palipopachikwa vibakuli vya Kichina kuwa mapambo. Makaburi hayo yamedumu kwa sababu jiwe hudumu. Walioyajenga wamekwenda zao, miji yao imemezwa na mwitu, lakini kuta na nguzo zingalipo. Basi msomaji huyo akipanda kilima cha Kasubi, katika mji wa Kampala, akaambiwa kwamba hapo ndipo walipozikwa wafalme wanne wa Buganda, hana budi kustaajabu. Haoni nguzo ya jiwe wala maandishi. Aona paa kubwa la nyasi, lililoshuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, na mbele yake uwanja mpana uliozungukwa na ua wa matete na nyumba ndogo ndogo. Aona makazi ya watu, wala haoni mava.

Mastaajabu hayo ndiyo mwanzo mwema wa uhakiki. Mtazamaji akiyapuuza, ataipima Kasubi kwa kipimo cha jiwe, naye ataona upungufu mahali pasipo na upungufu, na ukamilifu mahali penye hatari. Swali hili si la kupitisha wakati. Lingeulizwa vile vile juu ya nyumba yo yote ya nyasi. Lakini kwa Kasubi liliulizwa hasa mwaka 2010, nyumba kuu ilipoteketea kwa moto usiku wa tarehe 16 Machi. Je, nyumba iliyojengwa upya mahali pale ni nyumba ile ile, au ni mfano wake tu?

Kwanza yafaa jina litazamwe. Kwa Kiswahili husemwa "makaburi ya Kasubi", na neno hilo si kosa, maana miili imezikwa pale. Lakini Waganda husema amasiro, neno lililotengwa kwa ajili ya mahali pa wafalme peke yao. Kaburi katika Kiswahili ni mwisho wa safari. Mtu huingizwa, hufukiwa, na walio hai hurudi nyumbani kwao. Amasiro si mwisho wa safari, bali ni jumba la mfalme aliyebadili hali yake ya kukaa. Lugha ya Kiganda yenyewe huepa kusema kwamba Kabaka amekufa. Husemwa kwamba ameficha mkono wake, au kwamba moto wa Buganda umezimika, kwa kuwa moto uitwao ggombolola, uwakao kwenye lango la ikulu maadamu Kabaka yu hai, huzimwa siku ile. Na mahali anapolala huitwa kibira, yaani msitu. Kwa hiyo kifo cha mfalme husemwa kwa mafumbo matatu: mkono uliofichwa, moto uliozimika, na msitu ulioingiwa. Hakuna hata moja katika hayo linalosema kwamba mwenyewe amekoma kuwapo.

Mtu akishika mafumbo hayo mkononi, nyumba husomeka. Nyumba kuu huitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni ya mviringo, yenye kipenyo cha mita 31 kwa nje na kimo cha mita 7.5. Chini ya paa, kwa ndani, zimo pete 52, na kila pete ni alama ya ukoo mmoja katika koo za Buganda. Pete hizo hupungua upana kadiri zinavyopanda, mpaka zikutane juu. Mjenzi wa jiwe huandika ukoo wa mfalme juu ya mlango, naye msomaji husoma na kupita. Mjenzi wa Kasubi ameuweka umoja wa koo ndani ya mwili wa paa, hata ikawa paa lenyewe halikamiliki mpaka pete zote ziwepo. Hapo pambo na kazi ni kitu kimoja, na hiyo ni sifa ambayo hata watunzi wa tenzi huitafuta kwa taabu: kina kisichotiwa kwa ajili ya urari peke yake, bali kibebe maana.

Sakafu hutandikwa majani na mikeka, na mgeni huvua viatu na kukaa chini. Mbele yake hushuka pazia kubwa la nguo ya gome la mti, iitwayo lubugo. Nyuma ya pazia ndipo ulipo msitu. Mgeni haingii huko. Wanaoruhusiwa ni wachache: wajane wa wafalme, watu wa nasaba ya kifalme, na wenye vyeo vya mahali hapo kama vile Nalinya, ambaye ni dada wa kifalme, na Katikkiro wa amasiro. Jambo kuu la nyumba, basi, ni lile lisiloonekana. Katika majengo mengi ya kumbukumbu kaburi huwekwa mahali pa kutazamwa, na ukubwa wa marehemu hupimwa kwa wingi wa watazamaji. Kasubi imefanya kinyume. Imejenga paa kubwa kupita kiasi cha nyumba za kawaida, ikakusanya mishale ya macho yote mbele ya pazia, kisha ikayazuia. Stara hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Nguo ya pazia nayo yastahili kuangaliwa, kwa sababu ndani yake mna elimu ya watu wengi. Hutokana na mti uitwao mutuba, wa jamii ya mikuyu. Gome huchunwa majira ya mvua, kisha hupigwa kwa nyundo za mti bandani, lisikauke upesi kwa jua, mpaka lilainike na kutanuka na kuwa na rangi ya udongo mwekundu. Mti hauuawi, hufunikwa jeraha lake, nao huota gome jingine. Nguo za ukoo wa kifalme kwa desturi zilitengenezwa na mafundi wa ukoo wa Ngonge, chini ya mkuu wao mwenye cheo cha kaboggoza. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, na kazi ya kuipamba nyumba ni ya ukoo wa Ngo. Waezekaji hufungwa na miiko wakati wa kazi, na mmoja katika miiko hiyo ni kujitenga na wake zao. Hivyo kuezeka si kibarua cha mshahara tu. Ni ibada yenye masharti, na anayeifanya huingia katika hali nyingine kabla hajashika nyasi.

Na sasa yafikiwa kiini cha jambo. Wajane wanaolinda Kasubi si lazima wawe ndio walioolewa na wafalme hao kwa miili yao. Mutesa wa Kwanza alifariki mwaka 1884. Hakuna mjane wake aliyeweza kuishi mpaka leo. Lakini nafasi za wake zake hazikuachwa tupu. Mke akifa, ukoo wake hutoa mwanamke mwingine ashike mahali pake, ajulikane kwa cheo kile, akae katika nyumba ile, aangalie mkeka ule. Huo ndio urithi kama Waganda wanavyoujua: mrithi hapokei mali tu, hupokea nafasi ya mtu, na watu humwita kwa heshima ya yule aliyetangulia. Mwili hubadilika, nafasi haibadiliki.

Ikiwa ndivyo ilivyo kwa wake, ndivyo ilivyo kwa nyasi. Nyasi za paa huoza, hutolewa, na nyingine huwekwa. Gome huchakaa, na jingine hupigwa. Hakuna aliyewahi kudai kwamba kila paa jipya la Kasubi lilikuwa nyumba mpya. Nyumba ilikuwa ikirithiwa, kama mke alivyorithiwa. Kwa hiyo swali la kama nyumba ya leo ni ile ile au ni mfano wake limeulizwa vibaya. Nyumba ya leo ni mrithi wa ile iliyoungua. Mfano hudaiwa ufanane na asili yake kwa sura. Mrithi hudaiwa atimize wajibu wa aliyetangulia. Madai hayo mawili hayalingani, na uhakiki wa haki ni ule unaotumia dai la pili.

Historia ya Kasubi yaunga mkono hoja hii, kwa kuwa mahali hapa hapakuwa na usafi wa asili usioguswa hata siku moja. Mutesa wa Kwanza aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu, si amasiro. Alipofariki miaka miwili baadaye, ikulu ikageuka kuwa mahali pake pa kulala. Kabla yake, taya la mfalme lilitenganishwa na mwili na kuwekwa katika nyumba yake yenyewe. Yeye alizikwa mzima, na hilo lilikuwa badiliko kubwa. Tena, kwa desturi ya zamani kila mfalme alikuwa na amasiro yake pahala pake, kama baba yake Suuna wa Pili alivyo na yake Wamala. Lakini Kasubi iliwapokea wengine watatu. Mwanga wa Pili alifia uhamishoni Shelisheli mwaka 1903, na mabaki yake yakarudishwa mwaka 1910. Daudi Chwa wa Pili alifariki mwaka 1939. Edward Mutesa wa Pili alifia London mwaka 1969, baada ya ikulu yake kushambuliwa mwaka 1966, naye akarudishwa kuzikwa mwaka 1971. Wawili katika wanne hao walifia mbali na nchi yao. Msitu ule, basi, ni pia mahali ambapo waliofukuzwa walirudishwa nyumbani.

Hata roho ya mahali hapa si ya rangi moja. Uislamu uliingia katika jumba la Buganda kwa wafanya biashara waliotoka pwani, tangu siku za Suuna. Mutesa mwenyewe alijifunza kwao, akafunga Ramadhani miaka kadhaa, na Kiswahili kilisikika barazani kwake. Mwaka 1875 alikubali wito wa kuwaalika wahubiri wa Kikristo, nao wakafika mwaka 1877 na 1879. Mwanga, ambaye waongofu waliuawa katika enzi yake, alibatizwa uhamishoni kwa jina la Danieri. Chwa na Mutesa wa Pili walikuwa Wakristo. Wote wanne wamelala nyuma ya pazia moja la gome. Wako wanaosema kwamba hilo ni mgongano wa imani. Lakini nyumba haikuwataka wafalme waikane dini yao mlangoni; iliwataka wawe na koo 52 juu ya vichwa vyao. Dini walizichagua au walizibadili, lakini nafasi waliirithi.

Ujenzi nao ulibadilika. Katika matengenezo yaliyoanza mwaka 1938, nguzo za saruji na vyuma viliingizwa ndani ya nyumba iliyokuwa ya miti. Mbele ya macho nyasi zilibaki nyasi na magome yalibaki magome. Hapa mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Yuko atakayesema kwamba saruji iliuharibu ukweli wa nyumba. Dai hilo ni la jiwe: lahesabu kitu, halihesabu nafasi. Lakini yuko pia atakayesema kwamba saruji haidhuru kitu maadamu imefichwa, na huyo naye amekosea. Nguzo ya mti humtaka fundi ajuaye kuchagua mti, kuukata na kuusimamisha. Nguzo ya saruji ikishika mahali pake, fundi huyo haitwi tena. Na fundi asiyeitwa hafundishi mwanawe. Lawama ya badiliko la 1938, kama ipo, si kwamba chuma ni kigeni. Ni kwamba elimu moja ilipoteza kazi, na elimu isiyo na kazi haina mrithi.

Kwa kipimo hicho yafaa kutazama yaliyotokea baada ya moto. Shirika la UNESCO lilikuwa limeiandika Kasubi katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mwaka 2010 liliitia katika orodha ya urithi ulio hatarini. Moto wenyewe ulikuwa msiba wa siasa pia. Rais wa nchi alipofika siku ya pili yake palitokea ghasia, risasi zikapigwa, na watu wakauawa. Ndani ya nyumba viliteketea vitu vingi vya wafalme. Wafalme wenyewe, kwa kuwa walikuwa chini ya ardhi, hawakuguswa. Lugha ya Kiganda, iliyokuwa imezoea kusema kwamba moto huzimika mfalme anapotoweka, ililazimika kuomboleza moto uliowaka.

Kazi ya kujenga upya ilichukua zaidi ya miaka kumi, na wengi walilalamikia ukawiaji huo. Ufalme, Serikali ya Uganda na UNESCO, pamoja na msaada wa fedha kutoka Japani, walihusika. Si ajabu kwamba Japani ilisikia kilio hicho. Huko Ise nyumba takatifu ya miti hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa 2013. Tena, ni katika mji wa Nara, mwaka 1994, wataalamu wa nchi mbalimbali walipotoa azimio lililokubali kwamba ukweli wa urithi haupimwi kwa kipimo kimoja kwa mataifa yote, na kwamba desturi, ufundi na roho ya mahali vyaweza kuhesabiwa pamoja na umbo na vitu. Mwezi wa Septemba 2023 Kasubi iliondolewa katika orodha ya hatari. Wajenzi wa nyasi walikuwa wameshinda hoja mbele ya dunia iliyolelewa na jiwe.

Walakini ushindi wa hoja una hatari yake. Ikisemwa kwamba urithi umo katika elimu na wala haumo katika vitu, mzembe hupata maficho. Atasema: nyumba ikiungua, itajengwa nyingine. Neno hilo ni batili kwa sababu mbili. Kwanza, si kila kitu hurithika. Nyasi hurithiwa na nyasi, lakini mkuki ulioshikwa na Mutesa haurithiwi na mkuki mwingine, ukiungua umekwisha. Pili, mrithi hapatikani bila malezi. Ukoo hauwezi kutoa mwanamke wa kushika nafasi ya mjane ikiwa mabinti zake hawajapata kusikia habari za amasiro; na ukoo wa Ngeye hauwezi kutoa mwezekaji kwa siku moja, kwa sababu tu siku hiyo ameitwa. Ukawiaji wa miaka ile ulifunza jambo ambalo fahari ya 2023 isilifunike: zawadi ya fedha yaweza kufika kwa mwezi mmoja, lakini mkono unaojua kufunga nyasi hauagizwi kwa barua.

Hatari ya pili ni ya macho. Mahali panapoitwa urithi wa dunia huvuta wageni, na wageni hutaka kuona. Kasubi ilijengwa ili iwe na sehemu isiyoonekana. Siku pazia litakapofunguliwa kwa ajili ya picha, hata kwa nia njema ya kuelimisha, amasiro itakuwa imeshuka cheo na kuwa makumbusho, ijapokuwa nyasi zake zote ni mpya na pete zake zote ni 52. Moto wa 2010 haukuweza kufanya hivyo. Uliunguza pazia, haukuufunua msitu.

Hatari ya tatu imo katika ardhi yenyewe. Eneo la Kasubi halina nyumba kuu peke yake. Lina karibu hekta 30 za kilima, na sehemu kubwa yake ni mashamba yanayolimwa kwa desturi. Mtazamaji wa haraka huyaona mashamba kuwa ni nafasi iliyobaki. Mji unaoizunguka Kasubi nao huona hivyo hivyo. Lakini wajane hula katika mashamba hayo, na mutuba hauoti juu ya lami. Nyumba ikibaki na shamba likaondoka, walinzi watahitaji kulishwa kwa mishahara, na anayelipa mshahara ndiye atakayesema ni nani akae na nani aondoke. Hapo nafasi iliyorithiwa kwa ukoo itakuwa imegeuka kuwa ajira.

Kwa jumla, nyumba ya Kasubi kama isimamavyo leo yastahili kukubaliwa kuwa mrithi halali. Paa limeezekwa, pete zimerudi, pazia limeshuka tena, na wenye nafasi zao wapo. Dosari zake si za sura. Wanaoitafutia dosari kwa kulinganisha picha za kabla ya moto na za baada yake wanapoteza wakati. Dosari, kama zitatokea, zitaonekana kwanza katika nyumba ndogo ndogo zinazozunguka uwanja, siku mjane mmoja atakapofariki na ukoo wake usipeleke mwingine.

Makaburi ya pwani yaliachiwa jiwe kazi ya kukumbuka, na jiwe limeifanya kazi hiyo kwa uaminifu, ingawa halijui linamkumbuka nani. Kasubi ilikataa kuiachia nyasi kazi hiyo. Iliwapa watu, kwa zamu, na zamu hiyo haina mwisho. Mwenye kutaka kujua afya ya amasiro, basi, asitazame paa peke yake. Na aulize ni nani anayefundishwa kuezeka.